Shajara ya Mradi: Chumba Kimoja cha Mahakama Mtandao, Mafungu Matatu ya Bajeti

Wiki ya kwanza

Mheshimiwa Hakimu Mfawidhi ameagiza niandike shajara hii tangu siku ya kwanza, kwa sababu maafisa wa TEHAMA huhamishwa, na mara nyingi anayekuja hukuta vifaa bila kukuta maelezo. Naandika basi kwa ajili ya atakayenipokea, na kwa ajili ya wenzangu wa vituo vingine ambao huenda wanahangaika na jambo hili hili.

Kituo chetu ni mahakama ya wilaya iliyo mbali na makao makuu ya mkoa, na chini yake zipo mahakama za mwanzo nne. Katika jengo letu kuna chumba kimoja chenye runinga kubwa, kamera, vipaza sauti na kompyuta, ambacho hutumika kusikiliza mashauri kwa njia ya mtandao. Mahakama za mwanzo hazina chumba cha namna hiyo. Gereza la wilaya lina nafasi lakini halina vifaa vya kuunganishwa nasi. Ng'ambo ya barabara lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo wananchi wengi hudhani ni sehemu ya mahakama yetu, ilhali bajeti yake inapitia Wizara ya Ardhi. Lengo la mradi ni chumba hiki, pamoja na skana, printa na laini ya intaneti, vihudumie wote hao, na pawe na utaratibu ulioandikwa unaoonyesha nani analipia nini.

Yafaa nieleze tulikotoka. Maboresho makubwa ya Mahakama ya Tanzania yaliyoanza mwaka 2016 yalitegemea mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 65, na baadaye zikaongezwa dola milioni 90. Matunda yake yanaonekana wazi: tarehe 6 Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma vituo jumuishi sita vya utoaji haki, vilivyojengwa Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro, na viwili Dar es Salaam, yaani Kinondoni na Temeke. Kituo jumuishi maana yake ni mahakama za ngazi mbalimbali, kuanzia ya mwanzo hadi Mahakama Kuu, kukaa chini ya paa moja pamoja na wadau wao, na hivyo kutumia mtandao mmoja, seva moja na mafundi wale wale. Sisi hatuna jengo la aina hiyo, na sitegemei kuliona katika wilaya yetu hivi karibuni. Ninachoamini ni kwamba wazo lake linaweza kutekelezwa hata pale ambapo mahakama zimetawanyika katika tarafa nne, mradi watu wakubaliane.

Wiki ya pili

Wiki hii yote imeishia katika kuhesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tulikuwa na madaftari matatu yasiyosomana: leja ya ghala, orodha ya Mtendaji wa mahakama, yaani msimamizi wa ofisi na fedha zake, na orodha niliyoachiwa na mtangulizi wangu. Nimepita chumba kwa chumba nikiwa na karani wa kumbukumbu, kisha nikapanda pikipiki kwenda mahakama zote nne za mwanzo.

Tuliyoyakuta yamenihuzunisha na pia yamenipa matumaini. Katika kabati moja la mahakama ya wilaya zilikuwemo skana mbili ambazo hazijawahi kutumika tangu zipokelewe. Wakati huo huo, karani wa mahakama ya mwanzo iliyo mbali zaidi amekuwa akipanda bodaboda kila Ijumaa kuleta majalada ya mirathi mjini ili yachanganuliwe na kuingizwa kwenye mfumo, kisha arudi nayo jioni, na nauli hiyo anaitoa mfukoni mwake. Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kuomba skana, alinijibu kwa upole: "Kaka, ningeombaje kitu ambacho sikujua kama kipo?" Sina jibu la swali hilo hadi leo. Kwingine tulikuta printa isiyo na wino na wino usio na printa, katika vituo viwili vilivyo umbali wa saa moja, na vyote viwili vilikuwa vimeandika barua za kuomba vifaa vipya.

Skana moja imeondoka leo kwa hati ya uhamisho iliyosainiwa pande zote mbili. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mradi, na haikugharimu shilingi.

Wiki ya nne

Nimetumia siku kadhaa na Mtendaji kuelewa njia ya fedha. Naandika kwa kirefu kwa sababu bila sehemu hii mengine yote hayaeleweki.

Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama Na. 4 ya mwaka 2011 ilitenganisha kazi ya kuamua mashauri na kazi ya kuendesha ofisi, ikaanzisha Mfuko wa Mahakama, na ikaweka Mtendaji Mkuu wa Mahakama kuwa mwenye dhamana ya fedha. Katika vitabu vya bajeti ya Serikali mfuko huo ni Fungu 40. Mahakama ya mwanzo ya kijijini na Mahakama ya Rufani zote hula katika fungu hilo moja, kwa hiyo kuhamisha skana kutoka wilayani kwenda tarafani ni suala la hati na leja tu, kwani mali inabaki ndani ya nyumba ile ile. Gereza ni jambo lingine, maana Jeshi la Magereza lina Fungu 29. Baraza la Ardhi nalo, wakati tunaanza mradi huu, liko chini ya Fungu 48 la Wizara ya Ardhi. Fedha iliyoidhinishwa na Bunge kwa fungu moja haiwezi kwenda kulipia bili ya fungu jingine kwa sababu tu majirani wanaelewana.

Ndani ya fungu lenyewe kuna mgawanyiko mwingine ambao kwa maoni yangu ndio wenye uzito zaidi. Fedha ya maendeleo, ikiwemo ya mikopo, hununua vifaa. Fedha ya matumizi mengineyo hununua umeme, bando, wino, mafuta ya jenereta na safari ya fundi. Chumba chetu kililetwa na fedha ya aina ya kwanza, na kinaishi kwa fedha ya aina ya pili, ambayo kwa kituo kama chetu ni ndogo na hushindaniwa na karatasi, posho za mashahidi na matengenezo ya gari. Nimepekua kasma zote za kituo, yaani mistari ya matumizi katika bajeti, na sikuona hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya kukiendesha chumba hiki. Kilipokelewa kwa sherehe, kikaandikwa kwenye leja, lakini hakuna aliyekikadiria matumizi.

Kwa upande wa vifaa na mifumo, sheria iko pamoja nasi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma zitumie miundombinu kwa pamoja na ziepuke kujenga mara mbili kitu kimoja. Kanuni za mwaka 2018 ziliruhusu nyaraka kusajiliwa kwa njia ya kielektroniki, na zile za mwaka 2021 zikaweka utaratibu wa kusikiliza mashauri kwa mtandao. Mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa mashauri, ulioanza kutumika mwaka 2023 badala ya ule wa awali, unatumika ngazi zote za mahakama. Kwa maneno mengine, programu tayari inatumika kwa pamoja nchi nzima, lakini ruta, betri na bando bado ni shauri la kila kituo peke yake.

Wiki ya saba

Tumeanza na gereza, na sababu yake ni ya kisheria na ya kibinadamu pia. Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya jinai haimruhusu hakimu kuahirisha shauri la mtu aliye rumande kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Ulinzi huo ni wa lazima, na simwombi yeyote aulegeze. Lakini matokeo yake ni kwamba kila baada ya wiki mbili karandinga huwasha moto, mahabusu hupangwa mistari, askari huondolewa katika kazi nyingine, na wote huja mahakamani ili shauri litajwe kwa dakika mbili na kupangiwa tarehe nyingine. Mafuta yakikosekana, mahabusu haji, na mtu ambaye hajahukumiwa hupoteza siku zake bila hata kumwona hakimu. Kutaja shauri kwa njia ya runinga ndiyo kazi inayokifaa chumba hiki kuliko zote.

Kamera moja na kompyuta moja ya akiba tumeziazimisha kwa gereza kwa hati maalumu: zinabaki katika leja ya mahakama, namba zake za usajili wa mali hazibadilishwi, na askari mmoja ametajwa kwa cheo chake kuwa mtunzaji. Ofisa wa zamu alitupokea vizuri sana, na chumba alichotupa kilikuwa safi na chenye mwanga.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Picha ilikuwa nzuri, lakini sauti ilirudi kama ya mtu anayesemea mtungini, kwa kuwa kuta ni tupu na sakafu ni ya saruji. Mheshimiwa hakimu alimuuliza mahabusu kama amesikia alichosomewa, kijana akasema, "Nimesikia kidogo, mheshimiwa." Hakimu alisimamisha kila kitu papo hapo, akaagiza mashauri yote ya siku ile yatajwe kwa njia ya kawaida. Alifanya vyema kabisa. Neno "kidogo" halitoshi pale ambapo uhuru wa mtu unajadiliwa, na mimi niliyekuwa nimejivunia ukubwa wa runinga nilijifunza kwamba kipaza sauti cha bei ndogo kina kazi nzito kuliko kioo.

Tulitandika mikeka, tukatundika mapazia mazito kwenye kuta mbili, tukasogeza kipaza sauti hadi mezani kwa mahabusu. Jaribio la pili lilifaulu. Tumekubaliana pia mambo mawili ambayo hayahusu vifaa: kwamba mahabusu mwenye wakili atapewa muda wa kuzungumza naye faraghani, askari akiwa nje ya mlango, na kwamba mashahidi wa utambuzi pamoja na vielelezo vya kushikwa mkononi vitaendelea kuletwa mahakamani kama zamani.

Wiki ya kumi

Bando liliisha katikati ya ushahidi. Shahidi alikuwa ameanza kueleza alivyolikuta duka limevunjwa, picha ikaganda, na Mheshimiwa hakimu akawasha intaneti ya simu yake mwenyewe ili shauri limalizike. Watu walimshukuru, nami pia. Hata hivyo nimeandika katika taarifa yangu kwamba jambo hilo lisirudiwe, kwa sababu hakimu hapaswi kugharamia mahakama kutoka mshahara wake, na mahakama inayotegemea wema wa namna hiyo itasimama siku wema utakapochoka.

Tukio hilo limenifanya nisome jinsi wengine wanavyolipia mambo haya. Kenya waliliweka ndani ya katiba yenyewe: Ibara ya 173 ya Katiba ya mwaka 2010 inaanzisha Mfuko wa Mahakama, Msajili Mkuu huandaa makadirio na kuyapeleka Bunge la Taifa, na yakipitishwa, fedha hulipwa moja kwa moja katika mfuko huo. Sheria ya kuuendesha ilitungwa mwaka 2016. Usajili wa mashauri kwa mtandao ulianza katika mahakama za Nairobi mwezi Julai 2020, ukaenezwa nchi nzima mwezi Machi 2024. Nikiziangalia tarehe hizo, naona kwamba hata palipo na mfuko ulioandikwa katika katiba, huduma ya mji mkuu ilihitaji karibu miaka minne kufika kwenye vituo vya pembezoni.

Marekani walifuata njia ambayo inastahili kutafakariwa kwa uangalifu. Mahakama zao za shirikisho zina mfuko maalumu wa teknolojia ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1989, na fedha yake haifutiki mwaka wa fedha unapofungwa. Sisi tunaoshindana na tarehe 30 Juni kila mwaka tunaelewa thamani ya kifungu hicho. Lakini sehemu ya mapato ya mfuko hutokana na wananchi wanaosoma majalada kupitia mfumo uitwao PACER, ambao hutoza senti 10 kwa ukurasa, kikomo kikiwa dola 3 kwa waraka mmoja, na msamaha kwa asiyevuka dola 30 katika robo ya mwaka. Mashirika yasiyo ya kibiashara yalifungua shauri yakidai kwamba ada hizo zilitumika kwa mambo ambayo sheria haikuruhusu. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ilikubali kwamba sehemu ya matumizi ilikuwa nje ya sheria, na baadhi yake ilikuwa ni vifaa vya ndani ya vyumba vya mahakama. Shauri lilimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 125, yaliyoidhinishwa mwaka 2024.

Nimelieleza hilo kwa sababu katika kikao chetu lilitolewa pendekezo la kutoza ada ndogo kwa kila atakayetumia chumba, ili bando lijilipie. Aliyependekeza ana nia njema kabisa, lakini mimi nilipinga. Kwanza, kituo hakina mamlaka ya kubuni ada. Pili, hukumu za mahakama zetu za juu husomwa bure na mtu yeyote kupitia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, na itakuwa ajabu kusoma hukumu iwe bure huku mjane wa kijijini akilipishwa ili asikilizwe. Tatu, mtu akilipia kitu kimoja na fedha yake ikaenda kwenye kingine, imani huondoka, na wenzetu wa Marekani wameligharamia somo hilo kwa niaba yetu.

Wiki ya kumi na mbili

Makubaliano yamefikiwa baada ya vikao vitatu. Nimeyaandika kwa lugha nyepesi, kurasa mbili tu, ili karani yeyote ayaelewe bila kufasiriwa.

Kifaa hubaki katika leja ya aliyekinunua na huazimwa kwa hati. Bili hailipwi na jirani kwa niaba ya jirani: kila taasisi inalipa bando la mwisho wake yenyewe, moja kwa moja kwa mtoa huduma, kutoka kasma yake. Kwa mahakama za mwanzo, ambazo ziko ndani ya fungu letu, mahakama ya wilaya italipia laini zao na kuzikadiria pamoja katika bajeti moja, kwa kuwa kununua kwa wingi kupitia NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao, ni nafuu kuliko kila hakimu kujinunulia vocha. Fundi ni mmoja kwa wote, nami nimetakiwa kuandika saa ninazotumia kwa kila taasisi, ili mwaka ujao hoja ya kuongezewa fundi iwe na ushahidi.

Suala la zamu lilikuwa gumu kuliko la fedha. Mahakama ya wilaya ingeweza kukitumia chumba siku zote tano, na hakuna ambaye angeilaumu, kwa kuwa kiko kwake. Nilisisitiza, na Mheshimiwa Mfawidhi akaniunga mkono, kwamba mahakama za mwanzo zipewe siku zao mbili zisizoguswa. Huko ndiko wananchi wengi wa nchi hii hukutana na mahakama kwa mara ya kwanza, na wengi wao kwa mara pekee maishani: huko ndiko kwenye mirathi, talaka, madai ya mbuzi na ugomvi wa majirani. Teknolojia ikiishia ngazi za juu, wachache watahudumiwa haraka zaidi na walio wengi wataendelea kuhesabu nauli. Mahabusu wanatangulia asubuhi, saa mbili hadi saa nne, kila siku. Baraza la Ardhi litatumia alasiri za Alhamisi, likija na kompyuta yake na bando lake.

Wiki ya kumi na tano

Leo chumba kimetumiwa na mahakama ya mwanzo kwa mara ya kwanza. Shauri lilikuwa la mirathi. Mjane alikuwa ameomba kusimamia mali ya marehemu mumewe, na kakaye marehemu, ambaye anaishi mkoa mwingine na miguu yake haimwezeshi tena kusafiri, alitakiwa kueleza kama ana pingamizi. Shauri lilikuwa limeahirishwa mara tatu kwa ajili yake. Niliandika barua kwa mahakama ya wilaya anakoishi, wakatupa nafasi ya saa moja katika chumba chao bila masharti yoyote zaidi ya kuthibitisha utambulisho wa mzee huyo. Kituo kimoja kimetoa chumba, kingine kimetoa hakimu, na fungu ni lile lile.

Mama alipoona uso wa shemeji yake kwenye runinga, alisimama na kumwamkia, "Shikamoo shemeji," naye akaitikia marahaba huku akitafuta aangalie wapi. Hakimu aliwaacha wasalimiane kwanza. Kisha mzee akasema hana pingamizi, ila anaomba shamba la bondeni liandikwe wazi kuwa ni la watoto. Maneno yake yakaingizwa kwenye mwenendo wa shauri, akasomewa, akayathibitisha. Yote yalichukua dakika zisizozidi 20. Mama aliniuliza wakati wa kutoka kama anatakiwa kulipia runinga. Nilimwambia hapana, mama, hii ni yako.

Wiki ya kumi na nane

Yaliyobaki nayaandika bila kuyapamba. Betri za kuhifadhi umeme zinadumu muda mfupi, na umeme ukikatika alasiri hatuwezi kumaliza shauri refu. Gereza limeomba kipaza sauti cha pili. Mahakama mbili za mwanzo zina mtandao wa simu hafifu, na kwao tumekubaliana kwamba wadaawa watakuja mjini siku ya zamu yao, jambo ambalo linapunguza safari za mashahidi lakini haliondoi nauli za wadaawa wenyewe. Nimeomba kwa barua tuangaliwe uwezekano wa kuunganishwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao unapita kwenye barabara kuu ya wilaya.

Kuhusu fedha, Mtendaji ameingiza katika makadirio ya mwaka ujao mstari mpya wa uendeshaji wa chumba, ukiwa na bando la vituo vitano, betri, wino na safari za fundi. Ukomo wa bajeti tuliopewa haukuongezeka, kwa hiyo mstari huo umekatwa kutoka kwenye samani na viburudisho vya vikao. Wakuu wa vitengo walikubali kwa sauti moja, na naweka jambo hilo hapa kwa heshima yao.

Jumanne nakwenda mahakama ya mwanzo ya nne na skana ya pili, pamoja na karani yule wa bodaboda, ambaye ameteuliwa kuwafundisha wenzake. Ijumaa hii hakuja mjini. Majalada yake sita yaliingia kwenye mfumo saa tatu asubuhi, kutoka mezani kwake.